Naomba ushauri: virusi wanaoishi ndani ya vimelea vya kuhara damu kwa kuku

Ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo, nawasalimu kutoka Tukuyu, ambako mvua nyingi huacha maranda ya mabandani yakiwa na unyevu unaowasaidia vimelea vya Eimeria, ambavyo ndivyo vinavyosababisha kuhara damu, kukomaa nje ya mwili wa kuku.

Ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu jambo ambalo naamini linastahili uzito zaidi, nalo ni kwamba vimelea hivi vyenye seli moja navyo huambukizwa virusi. Virusi hao, ambao vinasaba vyao ni RNA ya nyuzi mbili, wamepatikana ndani ya Eimeria tenella na Eimeria brunetti, na kinachonivutia zaidi ni mfano wa Leishmania, kimelea kingine chenye seli moja kinachoambukiza binadamu na wanyama, ambapo virusi wa aina inayokaribiana nao waliufanya ugonjwa uwe mkali zaidi kwa panya wa maabara.

Je, ni sahihi kudhani kwamba tofauti za ukali wa kuhara damu kati ya banda na banda zinaweza kuhusiana na virusi hao, au nianze kwanza kutenganisha spishi saba za Eimeria za kuku zinazojulikana zaidi, kwa kuwa tofauti hizo huenda zikatokana na spishi zenyewe? Aidha, oosisti, yaani chembe za vimelea zenye ganda zinazotoka na kinyesi cha kuku, huhifadhiwa katika kemikali ya dikromati ya potasiamu ya asilimia 2.5, aliyewahi kuitumia naomba anieleze namna ya kuiondoa kabisa kwenye sampuli kabla ya kutoa RNA, na kama kuna maabara ya Nyanda za Juu Kusini inayopokea sampuli za namna hii.