Naomba ushauri: kufundisha madaktari wa upasuaji kutumia ngozi ya samaki kwenye vidonda

Mshonaji_wa_Ziwa

Habari za kazi wakuu. Tunaandaa mafunzo ya siku 2 kwa madaktari 12 wanaosomea ubingwa wa upasuaji, huku Kanda ya Ziwa. Tumeahidiwa vipandikizi vya ngozi ya chewa wa Atlantiki, vile vinavyotengenezwa Aisilandi. Wote wanajua kuchuna ngozi ya paja na kuipandikiza, ila ngozi ya samaki hawajawahi kuishika. Siku hizo 2 tuzigawe vipi? Wajifunzie kwenye nini bila kumaliza vipande vya msaada? Makosa gani hutokea sana? Na wapo wanaouliza kwa nini tusitengeneze wenyewe, ilhali sato wamejaa hapa.

Dkt_Kano

Mkuu, anza kwa kutenganisha vitu 2 vinavyoitwa kwa jina moja. Ngozi ya chewa ya Kerecis, kampuni ya Ísafjörður huko Aisilandi, iliyopata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2013, imeondolewa chembehai na kukaushwa kwa baridi. Kinachobaki ni kiunzi cha kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) chenye vitundu, pamoja na mafuta yake ya omega-3. Chembehai za mgonjwa na mishipa midogo ya damu huingia humo, na kiunzi huyeyuka taratibu nyama mpya ikishika nafasi yake. Ngozi ya sato iliyoanzia Fortaleza, Brazili, kwa Edmar Maciel na wenzake, ni bandeji. Hugandana na jeraha la moto la daraja la pili, huzuia maji yasipotee, humwepusha mgonjwa na maumivu ya kubadilishwa bandeji kila siku, kisha hukauka na kubanduka baada ya siku kama 10, ngozi ikiwa imeota chini yake. Daktari asiyejua tofauti hii ataing'oa ya chewa akidhani imemaliza kazi. Na kwenye jeraha kubwa la daraja la tatu, zote mbili hazichukui nafasi ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe.

Kuhusu muda, nusu ya siku ya kwanza iwe ya kusafisha kidonda. Huko ndiko mafunzo haya hufaulu au hufeli, wala si kwenye kubandika. Wafundishe kukata nyama iliyokufa hadi waone vitone vya damu sakafu nzima ya kidonda, kisha kuzuia damu: shashi iliyoloweshwa adrenalini 1 mg ndani ya mililita 500 za salaini (maji ya chumvi ya hospitali), ikandamizwe dakika 5 hadi 10, mishipa inayoendelea kuvuja ichomwe mmoja mmoja. Mfupa uliopoteza utando wake utobolewe juujuu kwa drili mpaka utoe damu, la sivyo kiunzi kinalala juu ya kitu kikavu ambacho hakina cha kukipa. Iodini yote isuuzwe kwa salaini kabla ya kuweka kipandikizi.

Kubandika kwenyewe ni kwepesi. Kipande kiloweshwe kwenye salaini ya joto la chumbani kwa kama dakika 1, kikatwe kizidi kidonda kidogo pembeni, kitobolewe vitundu vya kupitisha maji, kishikizwe kwa stepla au nyuzi. Sharti kiguse sakafu yote, hata kwenye mabonde. Juu yake weka bandeji ya silikoni isiyonata, kisha shashi ya kukandamiza au mashine ya kunyonya kidonda kwenye -75 hadi -125 mmHg. Msifungue mpaka siku ya 5 hadi 7.

Mama_Wodi

Nyongeza kuhusu vifaa vya kujifunzia. Nunueni miguu ya mbuzi buchani, mmoja kwa kila wawili, iliyonyolewa manyoya. Mguu wa nguruwe unafanana zaidi na ngozi yetu, lakini si kila mshiriki atakubali kuushika, na wa mbuzi unatosha. Chora eneo la sentimita 5 kwa 8, likatwe hadi kwenye kano na mfupa, ili wapate bonde na ukingo, siyo uwanja tambarare. Kipandikizi cha mazoezi kiwe ngozi ya sato wa sokoni aliyeparuliwa magamba na kusafishwa. Unene na utelezi wake vinatosha kufundisha kukata, kutoboa na kushona. Vipande vya msaada fungua 1 tu mbele ya darasa, wakione kikiwa kikavu na baada ya kulowa.

Ngozi hiyo ya sokoni isikanyage chumba cha upasuaji. Iwekeeni ndoo yake, na itupwe siku hiyo hiyo.

Fundi_Maabara

Hilo la kutengeneza wenyewe linahitaji jibu la wazi: msijaribu kwenye mafunzo haya. Sato wa ziwani hubeba bakteria wa Aeromonas na vijidudu wengine wanaoweza kumuua mgonjwa wa moto, na kuchemsha si njia, maana kolajeni hugeuka gundi. Fortaleza ngozi husafishwa kwa klorheksidini, huingizwa kwenye gliseroli inayoongezwa ukali hatua kwa hatua, hupigwa mionzi ya gama na kupimwa vijidudu, kisha hukaa kwenye friji. Bila mionzi, bila maabara ya kuthibitisha kila kundi, bila kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania) na cha kamati ya maadili, hiyo ni ngozi mbichi juu ya kidonda cha mtu. Wazo lenyewe ni zuri mno kwa nchi zetu na linastahili utafiti wa kweli. Lianzie maabara.

Mshonaji_wa_Ziwa

Nashukuruni sana. Dkt_Kano, bandeji ikifunguliwa siku ya 7, wategemee kuona nini? Na wagonjwa wa kwanza tuwachague vipi?

Dkt_Kano

Hapo ndipo wengi hupotea. Wataona utando wa manjano au kahawia unaoteleza, na harufu ya samaki. Mtu anadhani ni usaha, anachukua kikwangulio na kuondoa kiunzi chote pamoja na nyama changa iliyokuwa inaingia. Onyesheni picha za hali hiyo darasani, kwa wingi kabisa. Utando huo suuza taratibu kwa salaini na uache kilichoshika. Usaha wa kweli huja na wekundu unaosambaa, joto, maumivu yanayoongezeka, homa.

Kipande kikielea juu ya maji au damu iliyoganda, chanzo ni damu isiyozuiwa vizuri au vitundu vichache. Kikiwa kikavu kama karatasi, bandeji ya juu imeruhusu unyevu kupotea. Kikitoweka chote siku ya 7 huku kidonda kikiwa safi, si kufeli: kidonda kimekitumia, weka kingine. Sakafu ikishakuwa nyekundu na sawa, chuneni ngozi nyembamba ya paja, milimita 0.2 hadi 0.3, mfunike.

Mama_Wodi

Wagonjwa wa kwanza: vidonda vidogo vyenye damu ya kutosha, mfano sehemu iliyochunwa ngozi ya paja, au mguu wa mgonjwa wa kisukari ambao mapigo yanashikika. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2024 kwa wagonjwa 255 wenye vidonda vya kisukari vilivyoingia ndani sana ulipata 44% waliopona ndani ya wiki 16, dhidi ya 26% waliopata huduma ya kawaida. Lakini hata hao walipunguziwa uzito kwenye mguu. Mgonjwa akiruhusiwa kukanyaga, kipandikizi kimepotea. Kipimo cha presha ya kifundo hudanganya kwa wenye kisukari kwa sababu mishipa yao imekuwa migumu, hivyo pimeni presha ya kidole gumba cha mguu. Wenye mzio wa samaki msiwaguse kwa ngozi hii, swali hilo liwe kwenye fomu ya ridhaa. Na waambieni wagonjwa imetoka kwa samaki: wapo wanaokataa bidhaa za nguruwe au ng'ombe ambao hii wataipokea bila shida.

Mfupa mtupu wenye vyuma, kidonda chenye maambukizi, au mfupa uliooza, bado vinahitaji kusafishwa tena au flapu, yaani kipande cha nyama ya mgonjwa kinachohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Wapeni picha 10 za vidonda mchanganyiko mwishoni mwa siku ya pili, kila mmoja aandike: ngozi ya samaki, ngozi ya paja, flapu, au rudi kusafisha. Atakayeweka samaki juu ya kidonda kinachotakiwa kurudi kusafishwa asipewe kipande mpaka asimamiwe thieta.