Aliyeweka filta ya kufuta imeili kubwa ofisini kwetu aje Mtwara awaangalie wakulima usoni

Wakuu habari zenu, wadau wa kusini na wengine wote mnaoshinda kwenye kompyuta. Naandika hapa kwa sababu kule ndani ya ofisi nimeshaandika mpaka nimechoka. Nafanya kazi ofisi moja hapa Mtwara mjini inayohusika na korosho, jina naliacha, kitengo changu ni marekebisho ya malipo. Yaani mkulima akikosewa namba ya akaunti, au jina la benki halifanani na lile la kwenye karatasi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima kijijini), hela inagonga inarudi, basi katibu wa AMCOS anatutumia orodha iliyosahihishwa na mimi naipeleka mbele. Hiyo ndo kazi yangu. Imeili moja nisipoiona kuna mtu kijijini anakaa bila hela yake, na hela yenyewe si ya msaada, ni ya korosho alizopalilia na kupulizia salfa mwaka mzima.

Sasa wanaojua korosho wanajua msimu ukishafunguka mwezi wa kumi hali inakuaje. Minada siku hizi inaendeshwa kwa mtandao, ghala linaandika, AMCOS zinaandika, benki inaandika, Dar wanaandika, halafu kuna huu ugonjwa wa kum-CC kila mtu, tangazo la kikao cha huko Dar ambacho mimi siendi watu arobaini wanajibu "sawa asante" na kila jibu linanifikia. Siku ya mnada nilikuwa nakuta imeili mia mbili na kitu. Kwahiyo mwanzoni mwa Novemba nikaomba msaada, na hapo sijutii, mtu akizidiwa anaomba msaada.

Kijana wa kompyuta wa makao makuu akaingia kwenye mashine yangu kwa mbali, mimi nimekaa naangalia mshale unajitembeza wenyewe, dakika kumi hazikufika akanipigia "dada tayari, nimekuwekea filta, sasa utapumua." Filta ni amri unayoipa imeili, ipange au ifute barua yenyewe bila kukuuliza. Hakuniuliza nani ananiandikia. Hakuniuliza wanatuma nini. Hakuniuliza hata kazi yangu ni ipi. Na kweli inboksi ikatulia, nikamshukuru, nikamwombea na dua.

Tarehe 15 Desemba asubuhi anaingia ofisini mzee mmoja, katibu wa AMCOS ya upande wa Tandahimba, ninamjua kwa sauti ya simu tu maana hatujawahi kuonana. Ana shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha juu, kwapani ana bahasha ya kaki imeingizwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Nikamwambia shikamoo baba. Akasema marahaba mwanangu, nimekuja kukuuliza kama kuna kitu nimekukosea.

Nilishindwa kujibu wakuu. Kwa sababu huyu mzee alishanipigia mara mbili kuuliza kama orodha yake imefika, na mara zote mbili nilitafuta jina la AMCOS yake kwenye imeili nikaona hakuna kitu, nikamwambia "haijafika baba, tuma tena". Nilimwambia kwa uhakika kabisa. Na yeye akarudi kijijini akawaambia watu nimetuma, na watu wakaipigia ofisi, na ofisi, ambayo ni mimi, ikasema hajatuma. Wakulima kumi na nne wako kwenye ile orodha. Walianza kusema katibu amekula hela zetu.

Akatoa karatasi kwenye bahasha, fomu zenyewe, na kijikaratasi cha steshenari cha tarehe 20 Novemba kimeandikwa kwa peni "kuskani na kutuma". Ndo nikamwita mdogo wangu mmoja anayejua mambo haya, akaniuliza "umeangalia kwenye trashi?" Nikamwambia mbona nimetafuta. Akaniambia ukitafuta kwa kawaida Gmail haikuletei vya kwenye trashi wala spamu, mpaka uiambie itafute kote. Tukafungua. Ilikuwepo. Tarehe 20 Novemba saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, kurasa tisa, haijawahi kufunguliwa. Ilikuwa imebaki siku tano ifutike yenyewe, maana kitu kikiingia trashi kinakaa siku 30 tu.

Mzee alivaa miwani akaangalia ile tarehe kwenye skrini muda mrefu, hakusema neno.

Tukaingia kwenye mipangilio, pale penye filta na anwani zilizozuiwa, ndo nikaona nilichowekewa. Filta ya kwanza inasema imeili yoyote inayozidi MB 5, ifutwe. Basi. Haijali imetoka kwa nani wala inahusu nini. Nilipompigia yule kijana wa kompyuta akasema ni kwa ajili ya kuokoa nafasi, storeji ya ofisi ilikuwa inakaribia kujaa. Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Katibu wa AMCOS kijijini hana skana. Anapanda bodaboda mpaka kwenye steshenari, anampa yule kijana karatasi, kijana anaskani kwa rangi na kila ukurasa unatoka mzito kama picha ya harusi, anaunganisha faili moja, anatuma. Ya mzee ilikuwa MB 14. Gmail yenyewe inaruhusu kutuma mpaka MB 25, kwahiyo kule inaondoka bila shida yoyote, inaonyesha imetumwa. Filta ikifuta haimwambii aliyetuma. Hairudishi ujumbe kwamba imekataliwa. Mtumaji anaona imeenda, mpokeaji haoni kitu, na katikati hapo kuna mtu mmoja mkweli anaanza kuitwa mwizi.

Na mimi muda mwingi nilikuwa nasomea kwenye simu kwa sababu umeme ukikatika kompyuta yangu haina betri, na app ya simu filta huzioni kabisa, wala huwezi kuzitengeneza humo, mpaka ufungue kwenye kompyuta. Ningejuaje?

Filta ya pili nayo nieleze maana inaonyesha mtu aliyefanya kazi bila kufikiria lugha tunayoandikia. Aliweka kwamba imeili ikiwa na neno "mkulima" iwekewe nyota nione haraka. Wazo zuri. Lakini Gmail inatafuta neno zima kama lilivyoandikwa, haitafuti kipande cha neno, na Kiswahili chetu maneno yanageukia mbele. Makatibu wanaandika "wakulima". Wanaandika "hawajalipwa", "walipwe", "hakulipwa", hakuna anayeandika neno tupu "lipa". Nimehesabu, wiki sita nzima filta ya nyota ilikamata imeili nne, na tatu kati ya hizo ni matangazo. Ukitaka kweli ifanye kazi kwa Kiswahili unaandika maumbo yote unayoyajua na kuweka OR katikati, au bora zaidi uachane na maneno ukamate anwani za watu.

Basi siku hiyohiyo nikawapigia makatibu wote mmoja mmoja, mlituma nini na lini. Hapo ndo nikapata la pili ambalo linaniuma mpaka leo. Kuna katibu mwingine, kijana tu, alituma tarehe 12 Novemba. Siku 30 zilishapita tarehe 12 Desemba, kwenye trashi haipo. Steshenari walitumia imeili yao wenyewe na wao wanasafisha kila baada ya muda, kopi hawana. Karatasi anazo, orodha ameileta upya, wakulima wake watalipwa. Lakini hana cha kuthibitisha kwamba alituma tarehe 12. Kwenye kijiji chake wanasema aliikalia orodha mwezi mzima, na kuna watu wawili mle walishauza kilo zao zilizobaki kwa kangomba, yaani wanunuzi wa pembeni wasio rasmi, kwa bei ya kutupa kwa sababu walihitaji hela na ile ya kwenye mnada hawaioni. Nani anawarudishia hiyo tofauti?

Na ilikuwa inawezekana kuipata! Mdogo wangu alinieleza kwamba kwa imeili za ofisi, hata kitu kikishafutika trashi, admini wa mfumo ana siku 25 zaidi za kukirudisha. Siku 25. Kuanzia tarehe 12 Desemba unafika kama tarehe 6 Januari. Mimi nimeandika tarehe 15 Desemba, nikaandika tena 18, nikapiga simu kabla ya Krismasi, nikaandika 29. Nimejibiwa "tutaangalia", halafu nikajibiwa kwamba watu wako likizo, halafu sijajibiwa. Leo ni tarehe 9 Januari. Imepita. Ni kubofya tu wakuu, mtu aingie kwenye paneli yake achague jina langu na tarehe, na kijana wa watu angekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Filta sizichukii, msinielewe vibaya. Nimezifuta zote na nimeweka zangu mwenyewe, jioni moja baada ya kazi. Anwani za makatibu wote na za zile steshenari wanazotumia nimeziweka kwenye filta moja, zibaki inboksi, zipate lebo yao, na nimeweka alama kwamba zisipelekwe spamu kamwe. Matangazo ya vikao na zile "sawa asante" zinaruka inboksi zinaingia kwenye lebo, nazipitia saa tisa alasiri. Kabla ya kuhifadhi kila filta nilibonyeza kutafuta kwanza nione itakamata zipi, na kwa njia hiyo nikakuta moja ingenimezea imeili za benki, nikairekebisha. Hakuna hata moja inayofuta. Kama storeji inajaa mtu utafute imeili kubwa za zamani uzipitie kwa macho yako ndo ufute, au ofisi inunue nafasi. Sasa hivi naona imeili kama hamsini kwa siku na kila moja inanihusu.

Kinachonifanya niandike leo ni hiki. Filta ileile ya MB 5 iko kwenye kompyuta za wenzangu wa Masasi na Lindi, kijana wa kompyuta alituambia mwenyewe kwamba aliweka "kwa matawi yote". Nimewapigia wenzangu, mmoja ameitoa, mwingine ameambiwa na bosi wake asiguse mpaka makao makuu waseme. Asiguse! Wakati msimu haujaisha na karatasi bado zinatumwa. Nimeomba kwa maandishi itolewe matawi yote, leo siku ya tisa, kimya. Kama wewe uko kwenye ofisi ya korosho, ufuta au mbaazi huku kusini na kuna mtu alikuwekea filta kwa mbali, fungua trashi yako sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa, tafuta zenye viambatanisho, angalia tarehe.

Mzee wangu wa Tandahimba nilimchapia ile imeili siku ileile, na tarehe yake, nikaipiga muhuri, akaikunja akaiweka kwenye bahasha akaondoka nayo. Aliisoma kwenye mkutano na watu wakamwelewa. Yule katibu kijana mkutano wake ni Jumamosi hii, na kwa kuwa imeili haipo tena nimemwandikia barua kwa mkono kwamba kosa lilikuwa ofisini kwetu na si kwake. Bosi wangu amekataa kuipiga muhuri. Nitaenda nayo mwenyewe.