Kukata matumbawe ya tangi la nyumbani ili kupata vipande vya kugawa

Mkazi_wa_Muscat:
Ndugu zangu, asalaam aleikum. Katika tangi langu la lita 300 nina tumbawe gumu la Montipora digitata ambalo matawi yake yameanza kugusa kioo, tumbawe laini la Sarcophyton lenye kofia pana, na kundi la Palythoa (viumbe wadogo wa jamii ya matumbawe, kama vifungo) lililotanda juu ya jiwe moja. Nataka kuyakata niwagawie wenzangu hapa mjini, wasilazimike kununua yaliyong'olewa baharini. Je, yote matatu hukatwa kwa njia moja? Na jiwe la Palythoa, naweza kulichemsha ili kulisafisha?

Mwamba_wa_Kauri:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Naanza na swali la mwisho kwa kuwa linahusu uhai wako: usilichemshe jiwe hilo kamwe. Palythoa wengi wana palitoksini, sumu kali mno, na mvuke wa maji yanayochemka huifikisha mapafuni. Mwaka 2018 nchini Uingereza, familia iliyokuwa ikisafisha matumbawe ya tangi lake ililazwa hospitali pamoja na baadhi ya waokoaji waliokwenda kuisaidia. Ukitaka kuwagawa, vaa glavu na miwani ya kukinga macho, upasue jiwe lenyewe badala ya kukata nyama.

Montipora ndiyo rahisi. Kata tawi la sentimita tatu hivi kwa koleo kali, futa maji kwenye kitako chake, kisha ulibandike juu ya kibao cha kauri kwa supaglu ya jeli, ambayo huganda hata ndani ya maji. Baada ya wiki chache utaiona nyama ya tumbawe ikitambaa kutoka kitakoni na kuifunika gundi kwa utando mwembamba wenye ukingo mweupe. Hapo ujue kipande kimeshika.

Bi_Mwani:
Kaka, Sarcophyton haitakubali gundi hiyo, kwa sababu ikikatwa hutoa ute mwingi. Ikate kofia kwa wembe mpya, uvilaze vipande kwenye bakuli lenye changarawe, ulifunike kwa wavu na kuliweka pasipo na mkondo mkali, navyo vitajishikiza vyenyewe baada ya wiki moja au mbili. Kisiki kitasinyaa kwanza, kisha kitachipua kofia mpya, kwa hiyo usikitupe. Jambo ambalo wengi hawalijali ni kwamba tumbawe hili likijeruhiwa hutoa kemikali zinazodumaza matumbawe magumu. Weka mkaa mpya wa kuchujia maji kabla ya kukata, na usilikate siku moja na Montipora.

Fundi_Chumvi:
Nakubaliana na wenzangu, ila mimi nisingekirudisha kipande cha Montipora tangini kabla ya kukichovya kwa dakika chache katika maji ya tangi yaliyotiwa dawa ya aidini, wala nisingekiweka moja kwa moja chini ya mwanga mkali, hata kama tawi mama lilikuwa limeuzoea. Kidonda kinahitaji utulivu: joto la nyuzi 25 hivi na alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi) ya 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH, isiyopandapanda na kushuka. Vipande vikianza kukua, alkalini na kalsiamu zitatumika haraka zaidi, kwa hiyo pima mara kwa mara kuliko ulivyozoea.

Ukimpa mwenzako wa mjini hakuna taabu, lakini usimpelekee aliye nchi nyingine bila kibali, kwani matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, hata yaliyokuzwa tangini.