Mjadala: Mgonjwa amwambie daktari abadilishe glavu, au anyamaze?

Jamani, naomba tulijadili hili. Wiki iliyopita nilimpeleka mama kung'oa jino. Daktari alivaa glavu mpya, nikafurahi. Akavuta taa, akafungua droo, akapokea simu, akaandika kwenye faili, halafu kidole kilekile kikawa kinaelekea mdomoni mwa mama. Nikasema, "Samahani daktari, naomba ubadilishe glavu." Alibadilisha, ila kwa kununa. Jioni shangazi akanisema: "Mwanangu, umemvunjia mtu heshima. Mgonjwa hamfundishi daktari kazi."

Mimi nasema amwambie. Glavu inabeba uchafu kama mkono tu, na ubaya wake ni kwamba aliyeivaa hahisi kama amechafuka. Hata mwanzo wake ulikuwa kumlinda mvaaji: majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, daktari William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliagiza glavu za mpira kwa ajili ya nesi Caroline Hampton, ambaye mikono yake ilikuwa ikibabuka kwa dawa ya kuua vijidudu. Mgonjwa alikuja kufikiriwa baadaye. Naona fikra hiyo bado ipo: nimevaa, basi niko salama. Na aliyelala kwenye kiti je? Virusi vya homa ya ini B huweza kukaa hai siku 7 kwenye mpini wa taa, wala huvioni.

Tena glavu hutoboka vitundu visivyoonekana. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mikono isafishwe kabla ya kuvaa na baada ya kuvua: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono, 40 hadi 60 kwa maji na sabuni.

Najua nitaambiwa glavu hazitoshi. Ni kweli, wengi wetu tumeshatumwa duka la dawa kuzinunua huku mgonjwa akisubiri kitandani. Lakini kuandika faili hakuhitaji glavu. Vifaa vipangwe, taa ielekezwe, simu iwekwe kando, mikono isafishwe, ndipo zivaliwe. Hapo kwa mgonjwa mmoja mara nyingi jozi moja inatosha.

Wahudumu wa afya, nijibuni: mgonjwa akikuomba hivyo unajisikiaje, na angesemaje usione umedharauliwa? Na wewe uliyewahi kuona ukanyamaza, ni nini kilikuziba mdomo?