Fanicha za nje kipindi cha baridi: turubai, vifuniko maalumu au niziache wazi?

Kibarazani
Wakuu, habari za muda huu. Baridi inabisha hodi na ndani sina nafasi hata ya kigoda. Nina meza, viti sita na benchi, vyote vitalala nje mpaka joto lirudi. Naona njia tatu: turubai na kamba, vifuniko vinavyoshonwa kwa ajili ya fanicha, au kuziacha wazi liwalo na liwe. Turubai ninalo, vifuniko hadi ninunue. Naamua wikendi hii. Ipi bora?

Randa_na_Msasa
Mleta mada, fanicha za nini? Mbao, chuma, plastiki? Zimekaa juu ya sakafu au nyasi? Upepo upo? Umekuja kwa daktari umesema "naumwa" halafu ukanyamaza.

ChumaChakavu
Nunua vifuniko, uzi ufungwe. Msimu wa nne huu natumia, sijawahi kujuta. Tafuta vyenye matundu ya hewa ubavuni na mikanda ya kufungia miguuni, maana upepo ukiingia chini kinageuka tanga.

MamaPacha
Naomba niseme kuhusu turubai, kwa sababu mimi limenitia adabu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na meza ya mbao na viti vinne, vimetoka kupigwa varnishi. Nikasema sitaki hata tone liguse. Nikavipanga juu ya nyasi, nikavifunika turubai zito mpaka chini, nikakaza kamba kama robota la mitumba. Kila theluji ikianguka nachungulia dirishani, najisifu moyoni. Miezi minne sikufungua.

Siku nafungua, harufu ndiyo iliyotangulia. Unyevu wa ardhini ulikuwa unapanda, unagonga turubai la baridi, unageuka matone na kudondokea mezani. Yaani nilikuwa nimejenga kiwanda cha mvua. Ukungu mweusi kila mahali, varnishi imevimba malengelenge, viungo vya viti viwili vimeachia. Na matakia niliyoyasukumia chini ya meza "yasichukue nafasi ndani"? Panya walishazaa humo. Nilipiga msasa wikendi mbili na madoa meusi hayakutoka yote.

Jirani yangu alikuwa na benchi halijafunikwa na chochote. Lilipauka tu kidogo.

Mtu_wa_Bustani
Pole dada. Ila hapo kosa si la turubai, ni la kulishusha mpaka chini. Mimi natumia turubai mwaka wa sita. Naacha wazi kama kiganja na nusu kutoka ardhini, na katikati ya meza naweka ndoo iliyopinduliwa ili juu pawe na mgongo, maji yateleze.

MamaPacha
@Mtu_wa_Bustani sawa, lakini wangapi wanafanya hivyo?

Mtu_wa_Bustani
Mimi.

ChumaChakavu
Hiyo ya ndoo nakubali, hata kwenye kifuniko cha kununua. Kitambaa kikibonyea, maji ya kina cha sentimita 5 kwenye mita moja ya mraba ni kilo 50. Kisha yanaganda pale pale.

Kibarazani
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Viti ni vya chuma, miguu ya bomba, rangi nyeusi. Benchi ni mbao, muuzaji alisema msaji. Meza ina miguu ya chuma, juu kioo.

ChumaChakavu
KIOO! Na umekaa nacho moyoni siku nzima?

Kitoe kwenye fremu. Maji huingia kwenye ule mfereji wa pembeni, yakiganda yanasukuma, na kioo cha aina hiyo hakipati ufa, kinamwagika punje punje. Kisimamishe wima ndani ukutani, juu ya kipande cha zulia.

Viti: maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na bomba halina pa kwenda, linapasuka mshononi. Angalia kama miguu ina tundu la kutolea maji na kama halijaziba. Kama halipo, toboa la milimita 6 sehemu ya chini kabisa, halafu gusa rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo. Penye mkwaruzo popote, msasa na rangi kabla hujafunika.

Mtu_wa_Bustani
Au avipindue tu miguu juu.

ChumaChakavu
Bomba lililo wazi chini ukilipindua umepata kikombe. Tafadhali.

Randa_na_Msasa
Benchi likiwa msaji kweli, liache wazi. Ule mti una mafuta yake, utageuka rangi ya fedha tu. Adui ni miguu: ncha ya mbao iliyokatwa hunyonya maji kama mrija. Weka vigae au vipande vya plastiki chini yake. Ila kama ni msonobari uliopakwa rangi ya kahawia, hiyo ni kesi nyingine, ufunike na uupe hewa.

Mtu_wa_Bustani
Na apake mafuta ya kitani sasa hivi kabla ya baridi.

Randa_na_Msasa
Hapana! Mafuta ya kitani kwenye unyevu ni chakula cha ukungu. Paka joto likirudi, mbao ikiwa imekauka. Na vitambaa vya kupakia usivikunje ukavitupa konani, hupata moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke.

Mtu_wa_Bustani
Babu yangu alipaka kabla ya baridi maisha yake yote.

Randa_na_Msasa
Na benchi lake liko wapi?

Mtu_wa_Bustani
Usimwingize marehemu kwenye uzi.

Pembeni_tu
Naomba kudandia. Mimi nina vile viti vya kusuka vya plastiki, vipi?

ChumaChakavu
Vioshe, vikauke, vifunike. Wakati wa baridi kali usivikalie wala kuviburuta, nyuzi hukakamaa na kukatika. Na kama una mwavuli wenye kitako cha kujaza maji, mwaga maji yote leo.

Kibarazani
Mrejesho: theluji imeanza usiku huu, mapema kuliko nilivyodhani. Kioo kiko nyuma ya kochi, mke wangu hajakiona bado. Keekee ya kutobolea naazima kesho. Vifuniko sijanunua, bado nasoma ya turubai na ndoo.

MamaPacha
Na matakia? Hujataja matakia.

Kibarazani
Yako kwenye benchi.

MamaPacha
Funga simu, vaa viatu.