Nitajuaje mstari ni kipenyo cha duara kwa kutumia koodineti tu?

Msomi_wa_Jioni

Habari zenu wakuu. Nina duara lenye mlinganyo x² + y² − 6x − 4y − 12 = 0 na nukta A(0, 6), B(6, −2), C(7, 5), D(−1, −1) na E(8, 2), zote zikiwa juu ya mzingo. Natakiwa kutaja jozi zinazofanya kipenyo. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba nukta ya kati ikiangukia kwenye kitovu, kazi imekwisha. Mwingine anasema urefu peke yake unatosha. Wote wanapata AB na CD, kwa hiyo jibu ninalo. Ninachoomba ni sababu.

Pembe_Mraba

Umeuliza jambo la msingi sana, maana hizi kanuni hukaririwa bila kuangalia kila moja inadai nini.

Panga upya mlinganyo wako: (x − 3)² + (y − 2)² = 25. Kitovu ni (3, 2), nusu kipenyo ni 5, kipenyo ni 10. Nukta ya kati ya AB ni (3, 2), na ya CD vilevile.

Sasa mjaribu mwenzako wa kwanza kwa P(1, 1) na Q(5, 3). Nukta ya kati ni (3, 2), kitovu chenyewe! Lakini urefu wa PQ ni kipeuo cha pili cha 20, yaani kama 4.47. Mstari wote umo ndani, haugusi mzingo popote. Wa pili mpe A(0, 6) na (10, 6). Urefu ni 10 kamili, ila ncha moja iko nje kabisa ya duara.

Wote wawili wameliruka sharti lilelile: ncha zote mbili ziwe juu ya mzingo. Likitimia, kipimo kimojawapo kinatosha. Kwa urefu sababu ni hii: kutoka ncha moja hadi kitovu ni 5, kutoka kitovu hadi ncha nyingine ni 5, kwa hiyo umbali kati ya ncha hizo hauwezi kuzidi 10, na unafika 10 pale tu njia hiyo inaponyooka kupitia kitovu.

Hesabu_Tamu

Naongezea njia ya haraka. Kitovu kikiwa (3, 2), mwenza wa nukta (x, y) ni (6 − x, 4 − y). Mwenza wa E ni (−2, 2), hayumo kwenye orodha, basi E mwache.

Msomi_wa_Jioni

Asanteni sana. Je, kama mlinganyo haupo, nimepewa A, B na C tu, na kuambiwa duara linapita kwenye zote tatu?

Pembe_Mraba

Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Tumia kanuni inayoitwa ya Thales: AB ni kipenyo ikiwa pembe iliyoko C ni ya nyuzi 90, na isipokuwa 90, AB si kipenyo. Mteremko wa CA ni (6 − 5)/(0 − 7) = −1/7. Wa CB ni (−2 − 5)/(6 − 7) = 7. Ukizizidisha unapata −1, basi pembe ni mraba. Kitovu hatukukihitaji hata kidogo.

Ila miteremko ina mtego. Badala ya C weka K(0, −2). Mstari KA umesimama wima, kwa hiyo unagawanya kwa sifuri na hesabu inakwama, ingawa pembe iliyoko K ni mraba. Mimi nawashauri wanafunzi waiache migawanyo, wazidishe tofauti za koodineti:

(x − 0)(x − 6) + (y − 6)(y + 2) = 0

Nukta yoyote ya mzingo inaukubali mlinganyo huu. Ukiweka K unapata 0 + 0. Ukipata hasi, nukta iko ndani ya duara; ukipata chanya, iko nje. Sasa fungua mabano uone: x² + y² − 6x − 4y − 12 = 0. Ncha mbili za kipenyo zimekupa mlinganyo wako wote.

Msomi_wa_Jioni

Nimefungua mabano, ni uleule! Nikaweka na E: 8 × 2 + (−4) × 4 = 0. Na P inatoa 1 × (−5) + (−5) × 3 = −20, hasi, yaani ndani kama ulivyosema. Nawapelekea wenzangu.