MREJESHO: Kijana wangu aliyeuza mtungi wa gesi
Wakuu, mwezi wa tatu niliomba ushauri: mwanangu wa miaka 27 anatumia unga (heroini), kauza mtungi wa gesi na simu ya mama yake. Wengi mlisema nisimpe hela tena, chakula tu. Nimefanya hivyo. Kitasa cha mlango nilibadilisha mwenyewe, mikono inatetemeka utadhani mwizi ni mimi. Usiku wa kwanza alilala barazani. Mama yake hakufumba jicho, nami nilijifanya nakoroma.

Wiki ya tatu akaomba nimsindikize kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga. Dozi anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, bure. Leo siku ya 19. Ufunguo sijampa. Mama yake kaninunia kwa hilo.